Ubongo una pande mbili, lakini fikra ni moja

TUCHUKUE mfano wa mzee mmoja wa Golbanti, kijiji kilicho katika delta ya Mto Tana, karibu na Garsen. Jana jioni alikuwa barazani na wenzake akizungumzia bei ya maembe na njia za malisho. Leo alfajiri ameamka mkono wake wa kuume umelegea, mdomo umepinda, na neno halimtoki. Mkewe anapomwita anageuka. Akiulizwa kama anasikia maumivu, anatikisa kichwa kukana. Lakini akijaribu kutaja jina la mwanawe, inatoka sauti isiyo na maana.

Kufikia jua kuchomoza nyumba imejaa majirani, na rai ni tatu. Wa kwanza anasema mzee amepigwa na jini. Wa pili anakumbusha kwamba kuna mzozo wa shamba, kwa hivyo huenda amerogwa. Wa tatu ananong'ona kuwa akili zimemruka, na kwamba hakuna haja ya kumwambia wala kumuuliza jambo lolote tena.

Mzee huyu ni wa kubuni, ila yaliyompata huwapata watu halisi kila siku, na rai hizo tatu husikika katika nyumba nyingi. Zote ni za makosa. Kilichompata ni kiharusi kilichopiga upande wa kushoto wa ubongo wake. Bado anawatambua watu wake na anaelewa mengi yanayosemwa mbele yake. Ili kufahamu kwa nini mkono wa kuume na ulimi hupotea kwa pamoja, na kwa nini mtu aweza kukosa maneno bila ya kukosa akili, hatuna budi kuangalia jinsi pande mbili za ubongo zinavyogawana kazi na jinsi zinavyoshauriana.

Njia zinazopishana

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huihitaji mtu anapokuwa amepumzika. Ndani yake mna seli za fahamu zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Ukitazamwa kutoka juu, ubongo unafanana kwa mbali na punje ya kahawa, kwani una ufa mrefu katikati unaoutenga katika nusu mbili zinazokaribia kulingana.

Nusu hizo hazikuachwa kila moja peke yake. Chini ya ufa huo kuna utepe mnene wa nyuzi za fahamu ambao wanasayansi huuita kopasi kalosamu. Utepe huo una nyuzi zipatazo milioni 200, na ndio daraja kuu ambalo habari hupitia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Safari hiyo huchukua milisekunde kadhaa tu, yaani muda mfupi mno kuliko kupepesa jicho.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba kila nusu huhudumia upande wa mwili ulio mkabala nayo. Nyuzi zinazoamrisha misuli hushuka kutoka ubongoni, na mahali ubongo unapokaribia kuungana na uti wa mgongo, nyingi kati yake huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hivyo, mkono wa kuume huendeshwa hasa na nusu ya kushoto ya ubongo, na mkono wa kushoto huendeshwa hasa na nusu ya kulia. Hisia za ngozi nazo hufuata utaratibu huo huo.

Kwa macho, mpango ni wa namna nyingine kidogo. Wengi hudhani kwamba jicho la kulia hupeleka habari zake zote upande wa kushoto wa ubongo. Sivyo. Mtu akisimama na kukazia macho mwembe ulio mbele yake, vitu vyote vilivyo kushoto kwa mwembe huo, viwe vimeonwa na jicho hili au lile, hupokewa kwanza na nusu ya kulia ya ubongo. Vilivyo kulia kwa mwembe hupokewa na nusu ya kushoto. Hata hivyo, hakuna mtu anayeuona mwembe ukiwa umepasuliwa katikati. Daraja lililotajwa huziunganisha picha hizo mbili upesi kiasi kwamba mwenye macho hajui kama ziliwahi kutengana.

Mtu wa neno moja

Habari kwamba lugha ina makao yake upande mmoja zilianza kuthibitika mjini Paris mwaka wa 1861. Daktari Mfaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Leborgne alielewa sehemu kubwa ya aliyoambiwa na alijitahidi kujibu kwa ishara. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Wagonjwa wengine waliofuata walionyesha dalili za namna hiyo. Mwaka wa 1874, daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza kundi jingine la wagonjwa waliosema kwa wepesi lakini maneno yao hayakuwa na maana, nao pia hawakuelewa vizuri waliyoambiwa. Hao walikuwa wameumia sehemu ya nyuma zaidi, lakini upande ule ule wa kushoto.

Hali ya kupoteza lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo huitwa afasia. Leo inajulikana kwamba, miongoni mwa watu wanaotumia mkono wa kuume, takriban asilimia 95 hutegemea zaidi nusu ya kushoto katika lugha. Hata miongoni mwa wanaotumia mkono wa kushoto, takriban asilimia 70 wako vivyo hivyo. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto hupooza mkono wa kuume na kufunga ulimi kwa pigo moja, kwani sehemu za ubongo zinazoendesha mkono huo na zile zinazounda maneno ni majirani.

Kwa watu wa delta ya Tana jambo hili lina sura ya ziada. Huko si ajabu mtu kukulia katika Kipokomo au Kiorma, kufanya biashara kwa Kiswahili, na kusoma kwa Kiingereza. Daktari mwingine Mfaransa, Albert Pitres, alieleza mwaka wa 1895 kwamba mtu wa lugha nyingi anapopatwa na afasia, lugha zake haziathiriki sawasawa wala hazirudi zote kwa wakati mmoja. Kwa maoni yake, ile aliyoizoea zaidi kabla ya kuugua ndiyo aghalabu hurudi mapema. Waliomfuata wamegundua kwamba mambo hubadilika kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Funzo kwa jamaa ni jepesi: mgonjwa asiyejibu kwa Kiswahili ajaribiwe kwa lugha ya mamaye kabla ya kuhukumiwa kuwa hasikii.

Maneno na mahadhi

Hata hivyo, lugha si maneno matupu. Sentensi "Umekuja leo" yaweza kuwa habari, swali, furaha au lawama, kutegemea sauti inavyopanda na kushuka. Kwa kiasi kikubwa, kazi ya kutambua na kutia hisia hizo katika sauti hutegemea nusu ya kulia. Watu walioumia upande huo huweza kuzungumza kwa sarufi isiyo na dosari, lakini sauti zao huwa tambarare, na wengine hushindwa kushika mzaha au kejeli.

Wimbo wa Taifa la Kenya unatupa kielelezo kizuri. Mahadhi ya wimbo huo, uliotayarishwa na jopo la wanamuziki mwaka wa 1963, yalitoka huko huko Mto Tana, katika wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto. Mwanafunzi anapouimba gwarideni asubuhi, maneno yake hushughulikiwa hasa na upande wa kushoto wa ubongo, nayo mahadhi hutegemea zaidi upande wa kulia. Midundo hutumia pande zote mbili. Anayesikiliza hasikii sehemu tatu. Husikia wimbo mmoja.

Ni kwa sababu ya mgawanyo huu kwamba madaktari wamekuwa wakiona jambo ambalo mwanzoni lilionekana kama muujiza. Tangu karne ya 18 imeandikwa kuhusu wagonjwa walioshindwa kusema neno lakini wakaweza kuimba tenzi za kanisani, maneno na yote. Golbanti, ambako wamisheni wa Kimethodisti walifungua kituo katika miaka ya 1880, wapo wazee waliozijua tenzi tangu utotoni, kama walivyo Waislamu wa maeneo hayo waliohifadhi kasida. Mzee wetu wa mfano asiyeweza kutaja jina la mwanawe huenda akaufuata ubeti mzima jirani akianza kuimba. Hilo halimaanishi kwamba alikuwa akijifanya, wala kwamba jini limempa nafasi. Ni kwamba wimbo uliozoeleka una njia ya ziada isiyopitia mahali palipojeruhiwa. Mwaka wa 1973 wataalamu wa Marekani walianzisha tiba inayotumia ufa huo. Mgonjwa hufundishwa kughani maneno mafupi anayoyahitaji, kama vile "nipe maji", huku mkono wake wa kushoto ukipigapiga mdundo, kisha mahadhi hupunguzwa kidogo kidogo.

Nusu ya dunia inapotoweka

Kiharusi cha upande wa kulia huwa na hila yake. Kwa kuwa ulimi wa mgonjwa haujafungwa, jamaa hudhani hakuumia sana. Lakini nusu ya kulia ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kuangalia mazingira yote, kushoto na kulia. Ikijeruhiwa, mgonjwa anaweza kupuuza kabisa upande wake wa kushoto, ingawa macho yake ni mazima. Hula wali wa nusu moja ya sahani na kulalamika kwamba hakushiba. Hunyoa ndevu za shavu moja. Wapo hata wanaokana kwamba mkono wao wa kushoto umepooza.

Mwaka wa 1978 wanasayansi wawili wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliwapa wagonjwa wa aina hiyo mtihani rahisi. Waliwaomba wavute picha akilini ya uwanja mkuu wa mji wa Milan, waliokuwa wakiujua vyema, kama kwamba wamesimama wakilitazama kanisa kuu. Wagonjwa walitaja majengo yaliyo kulia na kuyaacha ya kushoto. Kisha wakaambiwa wajifikirie wamesimama kwenye ngazi za kanisa wakiutazama uwanja kutoka upande wa pili. Sasa walitaja yale waliyoyaacha, na yale waliyoyataja kwanza yakatoweka. Kumbukumbu zote zilikuwamo. Kilichopotea kilikuwa uwezo wa kuelekeza nadhari upande wa kushoto, hata katika picha iliyomo kichwani.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila anayemuuguza mtu. Mgonjwa asiyeitikia anapojiwa kutoka kushoto hana kiburi wala chuki. Msogelee kutoka kulia kwanza, kisha umsaidie pole pole kugeuka.

Daraja linapokatwa

Ni nini hutokea daraja linapokatwa na pande mbili zikabaki hazina mawasiliano? Swali hilo lilijibiwa kuanzia miaka ya 1960 mjini Los Angeles, Marekani. Madaktari wa upasuaji, Philip Vogel na Joseph Bogen, waliwakata kopasi kalosamu wagonjwa wachache wa kifafa kikali kilichokataa dawa, ili mshtuko unaoanzia upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Wagonjwa wengi walipata nafuu, na katika maisha ya kila siku hawakuonekana kubadilika sana.

Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga waliwachunguza kwa makini zaidi. Mgonjwa alipoonyeshwa picha kwa nukta ya sekunde upande wa kulia wa macho yake, aliitaja. Picha ilipoonyeshwa upande wa kushoto, ambao hupokewa na nusu ya kulia isiyo na usemi, alisema hakuona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, unaoendeshwa na nusu hiyo hiyo, uliweza kupapasa chini ya meza na kukiokota kitu kilichokuwa kwenye picha. Kazi hiyo ilimpatia Sperry Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1981, pamoja na watafiti wengine wawili.

Jaribio moja la miaka ya 1970 lilizidi mengine kwa kufichua tabia ya akili. Gazzaniga na mwenzake, Joseph LeDoux, walikionyesha upande wa kushoto wa ubongo wa kijana mmoja ukucha wa kuku, na upande wa kulia wakauonyesha nyumba iliyozingirwa na theluji. Kisha aliombwa achague picha zinazohusiana na alizoziona. Mkono wa kuume ulichagua kuku. Mkono wa kushoto ulichagua sepetu, chombo cha kuondolea theluji. Alipoulizwa sababu, upande wenye usemi, ambao haukuwa na habari yoyote ya theluji, haukukiri kwamba haujui. Kijana alieleza bila kusita kwamba ukucha ni wa kuku, na sepetu ni ya kusafishia banda la kuku.

Hakuwa akidanganya. Upande wa kushoto ulijaza pengo kwa maelezo yanayoingia akilini, naye akayaamini. Gazzaniga aliuita tabia hiyo kazi ya mfasiri. Wenye daraja zima pia tunaye mfasiri huyo, isipokuwa wetu hupata habari kutoka pande zote mbili na hivyo hukosea mara chache zaidi.

Faida ya kugawana

Kama pande mbili ni lazima ziunganishwe kwa gharama kubwa hivyo, kwa nini zikagawana kazi? Jibu mojawapo limetoka kwa vifaranga. Lesley Rogers wa Australia na wenzake wa Italia walieleza mwaka wa 2004 kwamba kifaranga hutumia jicho la kulia, yaani nusu ya kushoto ya ubongo, kubagua punje na changarawe, na jicho la kushoto kuangalia adui angani. Mayai yakiatamiwa gizani, mgawanyo huo hautokei kwa ukamilifu. Watafiti walipopitisha sanamu ya mwewe juu ya vifaranga waliokuwa wakidonoa, wale wenye mgawanyo walitafuta punje na kumwona adui. Wale wasio nao walibabaika katika kazi zote mbili. Yeyote aliyefuga kuku atafahamu thamani ya kuweza kula na kulinda kwa wakati mmoja.

Mgawanyo, kwa hivyo, hauna maana ya utengano. Hapa ndipo uzushi mmoja mashuhuri unapoporomoka. Kuna vitabu na semina zinazowaambia watu kwamba wapo wanaotumia ubongo wa kushoto, ambao ni wa hesabu na mantiki, na wapo wa ubongo wa kulia, ambao ni wa sanaa na hisia. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani walizichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakupata watu wa namna hiyo. Kazi fulani huelemea upande mmoja, ni kweli, lakini hakuna mtu ambaye upande mmoja wa ubongo wake wote una nguvu zaidi kwa jumla. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba hakuumbiwa hesabu kwa kuwa ubongo wake ni wa kulia anamfungia mlango kwa sababu isiyokuwepo.

Wanaoumia zaidi kwa fikra za namna hii ni watoto wa shoto. Lugha yetu yenyewe imeelemea upande mmoja: mkono wa kulia ni mkono wa kula, na mwambao wa pwani mkono wa kushoto huitwa pia mkono wa kike. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani hutumia mkono wa kushoto. Kumfunza mtoto kula na kusalimia kwa mkono wa kuume ni suala la adabu, na kila jamii ina adabu zake. Kumchapa ili abadilishe mkono wa kuandikia ni jambo jingine. Hilo halimpi mtoto ubongo mpya, bali humfanya aandike kwa shida na kuichukia kalamu.

Watoto na malaria

Ubongo wa mtoto una hazina moja ambayo wa mzee hauna kwa kiwango hicho, nayo ni wepesi wa kubadilika. Mtoto mchanga aliyejeruhiwa upande wa kushoto mara nyingi hujifunza lugha kwa kuutumia upande wa kulia. Wapo hata watoto waliotolewa nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya kifafa kisichotibika, na bado wakajifunza kusema na kutembea.

Hazina hiyo ina mipaka. Katika ukanda wa pwani, malaria kali imekuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa ubongo wa mtoto. Watafiti wa KEMRI mjini Kilifi walichapisha mwaka wa 2005 matokeo ya uchunguzi wa watoto waliowahi kuugua malaria kali, na karibu mmoja kati ya wanne alionekana kuwa na upungufu fulani wa kudumu, ukiwemo wa usemi. Mtoto aliyepona degedege na kisha akachelewa kusema, au anayetumia mkono mmoja tu, anastahili kupelekwa kwa wataalamu mapema, wakati upande mzima bado una wepesi wa kujifunza kazi za upande ulioumia.

Saa za kwanza

Turudi kwa mzee wetu. Watafiti waliozungumza na wananchi wa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2008, walikuta kwamba Dar es Salaam kiharusi kilihusishwa sana na majini na uchawi, ilhali katika wilaya ya mashambani ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watu walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Imani hizo, basi, si za mashambani peke yake, na elimu inaweza kukita mizizi popote.

Sababu kubwa ya kiharusi ni shinikizo la damu, ambalo kwa kawaida halina dalili. Kulipima huchukua dakika chache katika zahanati. Kiharusi kikishatokea, dalili ni tatu za kutazama: uso uliopinda, mkono usioinuka, na maneno yasiyotoka sawasawa. Moja tu yatosha kuanza safari. Kwa kiharusi kinachosababishwa na damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha damu hiyo hufaa ikitolewa ndani ya saa nne na nusu, na ni lazima kwanza picha ya CT ihakikishe kwamba mshipa haukupasuka. Kutoka Golbanti hilo si jambo jepesi. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na delta inapofurika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena 2024, njia hukatika. Lakini hata dawa hiyo isipopatikana, hospitali ya karibu kama ile ya Ngao haipaswi kurukwa. Mgonjwa huhitaji kupimwa shinikizo na sukari, kulazwa vyema na kulindwa asipaliwe. Asilishwe, asinyweshwe, wala asipewe dawa kwa mdomo kabla ya mhudumu kuhakikisha kwamba anameza sawasawa.

Baada ya hapo huja kazi ya miezi, na hiyo hufanyika nyumbani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa waliobakiwa na uwezo mdogo wa kusogeza mkono walipata nafuu zaidi pale mkono mzima ulipozuiwa kwa muda, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya mazoezi. Tiba hiyo haihitaji umeme wala mashine. Inahitaji mwongozo wa mtaalamu, subira, na mtu wa kukaa karibu.

Mtu huyo wa karibu ndiye aliye na uamuzi wa kwanza. Akiamini kwamba mzee amerukwa na akili, ataacha kuzungumza naye, na ukimya huo utamnyima mgonjwa mazoezi ambayo ubongo wake unayahitaji kuliko yote. Akijua kwamba upande mmoja tu ndio ulioumia na kwamba wa pili bado unasikiliza, atamketisha barazani penye wenzake, atamuuliza maswali ya ndiyo na la, atangoja jibu bila haraka, na jioni atamwanzishia wimbo anaoujua.